Simu ya binti yangu bado inasoma saa za kule

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43. Mume wangu ni mchungaji. Miaka 11 iliyopita kanisa letu lilitutuma nchi ya mbali kuwa wamisionari. Binti yetu alikuwa na miaka 5, sasa ana 16. Kijana wetu alizaliwa kule, ana miaka 9.

Hatukupanga kurudi. Baba mkwe alipata kiharusi, tukafunga mabegi manne na kuwaambia watu tunakwenda kwa miezi miwili. Alifariki wiki ya tatu baada ya sisi kufika. Kanisa likasema tupumzike kwanza, na huko kupumzika sasa kumefika miezi tisa. Vitu vyetu vyote viko kule nyumbani kama tulivyoviacha. Daftari za watoto ziko mezani, wamisionari wenzetu wanakwenda kufungua madirisha. Paka wetu tulimwachia jirani. Juzi jirani ametuma picha, paka amenenepa na anaonekana ametusahau kabisa, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Huku tunakaa kwa shemeji yangu, vyumba viwili. Hakuna aliyetutendea vibaya, Shangazi, na hilo ndilo linalonifunga mdomo. Watu wanauliza, "Kule kukoje?" na kabla sijavuta pumzi ya kujibu wameshahamia habari nyingine. Akina mama wa kanisa walitukusanyia nguo, Mungu awabariki, lakini magauni ya binti yangu yalikuwa ya mtoto wa miaka 10. Baadaye nikaelewa: picha yetu kwenye ubao wa matangazo ni ya miaka sita iliyopita. Hao ndio wanaowaombea.

Mume wangu kule alikuwa akifundisha wachungaji, watu walimsubiri mlangoni. Huku anakaa benchi la tatu na kuitwa kufunga kwa sala. Mtoto wa shemeji ndiye anayemwelekeza mambo yanavyofanyika siku hizi. Hasemi neno, ila amekuwa mtu wa kulala mapema.

Binti amerudishwa darasa moja nyuma kwa sababu mtaala haulingani. Wenzake wanamcheka anavyotamka lugha yetu. Simu yake hajabadilisha saa, bado inasoma saa za kule, na tukimwambia jambo litaanza saa fulani anapiga hesabu kwanza. Anaomba tumrudishe akamalize miaka miwili iliyobaki akiishi na familia ya wamisionari wenzetu. Mdogo wake naye amepata marafiki na timu ya mpira, na lugha ya kule imeanza kumtoka. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Sasa siri yangu. Kanisa lilipotuambia tubaki kwanza, nilishusha pumzi. Usiku ule nililala bila kusikiliza mlango, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Na Jumapili nikisimamishwa kutoa ushuhuda, nasimulia ubatizo, darasa la wanawake, mgonjwa aliyepona. Sisimulii miaka miwili ambayo hakuja mtu hata mmoja, mimba iliyotoka mama yangu akiwa mbali, wala rafiki yangu wa karibu aliyeacha imani. Nikirudi chumbani nikapiga magoti, naona nasema na ukuta. Mume wangu hajui.

Kamati ya umisheni inakutana baada ya wiki 10. Wanataka jibu: tunarudi kwa miaka minne mingine, au tunakabidhi kazi kwa wengine. Mume wangu anasema jibu lipo, tuliitwa kule. Mimi naona anakimbia aibu ya huku. Nikisema hapana nitakuwa nimeua wito wake. Nikisema ndiyo sijui nitakwenda na nini, maana ndani sina kitu. Nifanyeje?

Mama wa mabegi manne

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikawa naweka alama kila mahali ulipopita mbio. Kabla ya alama hizo, nikwambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Mlitoka kule kwa dharura mkiwa na nia ya kurudi. Huku mmezika mzee, mnaishi nyumba ya watu, na kila mmoja anavutwa upande wake: mumeo na binti wanavutwa kule, kijana ameanza kuota mizizi huku, na wewe umesimama katikati na siri mbili, ile ahueni na ule ukuta. Sasa mnadaiwa jibu moja kwa niaba ya watu wanne, na wewe unaogopa kwamba jibu hilo litatokea kinywani mwako.

Alama ya kwanza niliiweka kwenye msiba. Kifo cha baba mkwe umekipa sentensi moja. Paka umempa mbili, na machozi juu. Sikucheki. Huzuni kubwa ikikosa mlango hutokea dirishani, na paka aliyenenepa ni dirisha la kutosha kabisa. Ila nimejiuliza kuhusu mumeo. Alifika akamkuta baba yake kitandani baada ya miaka mingi ya kuwa mbali, wiki tatu baadaye akamzika, na tangu hapo watu wanamwuliza juu ya umisheni tu. Unasema anakimbia aibu ya benchi la tatu. Huenda. Lakini mtu anayelala mapema kila siku baada ya kufiwa na baba yake, mimi ningemwuliza kwanza habari za baba yake. Je, yupo aliyemwuliza?

Tena kuna hili, nalisema taratibu: mtu anaweza kuwa anakimbia na kuitwa kwa wakati mmoja. Hata wewe, mwingine akisoma barua yako kwa jicho kali angesema unakimbilia huku. Ningekutetea. Naomba umpe mumeo utetezi huohuo kabla hamjakaa kuzungumza, maana neno "unakimbia" likishatoka ndilo litakalojadiliwa, na mengine yote yatasubiri nje.

Alama ya pili niliiweka pale ulipoandika "kule nyumbani". Umeandika hivyo bila kujisahihisha, katika barua inayolalamika kuwa mmerudi nyumbani na hamjafika. Watu hudhani ugumu wote uko katika kwenda, na kurudi ni kama kuvaa nguo yako ya zamani. Mwaka 1963 watafiti wawili Wamarekani, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kuwa anayerejea kwao hushuka bonde la pili linalofanana na lile aliloshuka alipofika ugenini. Tofauti ni kwamba ugenini watu wanategemea ushangae na wanakuvumilia. Kwenu hakuna anayekutegemea ushangae. Mnasema lugha moja, mnaimba nyimbo zilezile, kwa hiyo ukikwama unaonekana una kiburi au umebadilika. Hao akina mama wa magauni hawajakosea kukupenda. Wamempenda yule wa kwenye picha. Ningekuwa wewe ningewapelekea picha mpya ya ubaoni wiki hii. Ni jambo dogo, najua, ila hilo liko ndani ya uwezo wako, na mengi ya barua yako hayako.

Sasa kuaga. Hili ningependa tukae nalo zaidi ya mengine yote, kwa sababu wewe hujalitaja kabisa. David Pollock, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi na familia zinazohama kati ya nchi na nchi, alikuwa akifundisha kwamba kuondoka vizuri kuna mambo manne: kupatana na uliokosana nao, kuwaambia watu walivyokuwa kwako, kuaga watu na mahali, halafu kuwaza kwa ukweli uendako. Ninyi hamkupata hata moja. Mliwaambia watu miezi miwili. Wale wanawake wa darasa lako bado wanawahesabia siku. Daftari zipo mezani, madirisha yanafunguliwa na kufungwa, nyumba inaishi bila ninyi. Mtaalamu wa familia Pauline Boss, aliyeanza kazi yake miaka ya 1970 kwa kuchunguza familia za askari waliopotea vitani Vietnam, aliona kuwa hasara isiyo na mwisho wazi huwachosha watu kwa namna yake. Aliyepotea hajafa na hayupo, basi huwezi kumlilia wala kumngoja kwa amani. Vita na nyumba yenye paka si kitu kimoja, nisikuzidishie. Lakini wewe nawe una kitu ambacho hakijaisha na hakipo.

Ndiyo maana swali la kamati nalitilia shaka kidogo. Wanauliza: mnarudi au mnakabidhi? Ni swali la watu wenye bajeti na ratiba, na siwalaumu, wana kazi ya kupanga na wafadhili wa kujibu. Ila mimi naona wanawauliza mwende wapi tena wakati hamjafika popote. Inawezekana wakiambiwa hivyo kwa maneno ya heshima wakaelewa. Inawezekana pia wasielewe.

Hebu tuje kwenye ahueni yako. Umeiandika kama dhambi. Mimi nataka kujua tu: ule mlango uliokuwa ukiusikiliza usiku, ulikuwa unamsikilizia nani? Kama ni watu wa shida waliozoea kugonga saa yoyote, hiyo ni habari ya mipaka ya kazi, na mipaka inaweza kupangwa upya hata mkirudi kulekule. Kama ni hofu ya kudhuriwa, hiyo ni habari nyingine, na mumeo pamoja na kamati lazima waisikie kabla ya mtoto yeyote kukatiwa tiketi. Na kama ulikuwa unasikiliza kwa sababu mke wa mmisionari hatakiwi kuchoka, basi huo mlango utakuja kukufuata hata chumbani kwa shemeji yako. Hizo ni ahueni tatu tofauti, na wewe peke yako ndiye unayejua ipi ni yako. Usiipeleke kwenye kikao ikiwa haina jina.

Kuhusu ushuhuda wa Jumapili. Mama, mimba iliyotoka umeiweka katikati ya vitu viwili, kama mtu anayevuka barabara akiwa ameshikwa mikono pande zote. Pole sana. Pole ambayo labda hukupewa wakati ule, kwa kuwa waliokuwa karibu hawakujua lugha ya kukupa, na waliojua lugha hiyo walikuwa mbali. Sikushauri ukasimulie hayo madhabahuni. Ila nitakukumbusha Naomi wa kitabu cha Ruthu. Alirudi Bethlehemu baada ya miaka ugenini, mji mzima ukatoka kumshangaa, naye akawaambia wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, yaani uchungu, maana alitoka amejaa na amerudishwa mtupu. Mwandishi wa kisa kile hakumkemea hata kwa nusu mstari. Alimwacha aseme. Hata kile kitu ulichokiandika mwishoni, "ndani sina kitu", kina mwenyewe wa zamani, na jina lake limo katika Maandiko. Na Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walikotumwa, walilikusanya kanisa wakaeleza, kisha wakakaa na wanafunzi muda usio mfupi. Mara nyingi tunahubiri ile taarifa yao, ule muda usio mfupi tunauruka.

Je, ni kanisa lililokukataza kusema ya upande wa pili, au ni wewe uliyekisia kuwa hawataki? Sijui. Yapo makanisa ambayo yakisikia mmisionari anasali ukutani hutafuta mwingine wa kumfadhili, kwa hiyo nisikutume kichwa kichwa. Anza na mtu mmoja asiyekalia kiti chochote kwenye kamati, ikiwezekana aliyewahi kutumwa akarudi. Hao hawaulizi "kule kukoje?" Wanauliza, "Mlikuwa mnachota maji wapi?" na hapo ndipo mtu hulia vizuri. Na mumeo? Unaogopa kumwambia kwa sababu yeye ni mchungaji. Lakini amelala karibu nawe miezi tisa. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani, naye anakuogopa wewe.

Njia zenu nazitazama hivi. Kurudi wote kwa miaka minne kungewapa mumeo na binti pumzi, na kungekupa wewe fursa ya kuonana na wale wanawake. Hatari ni kijana, ambaye angeng'olewa mara ya pili ndani ya muda mfupi, na wewe, ukienda kwa ndiyo ya kumlinda mtu. Ndiyo ya namna hiyo hudumu mpaka mvua ya kwanza, baada ya hapo inaanza kudai malipo. Kukabidhi kazi na kubaki kungekupa usingizi. Hatari yake ni mume aliyefiwa mara mbili, baba na kazi, huku kanisa likiona yamekwisha kwa kumpa benchi. Hapo sikubaliani na sentensi yako kwamba ungekuwa umeua wito wake, wala sikubaliani na yake kwamba wito una anwani moja. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alirudishwa Ulaya na afya, akakaa huko akiendelea kushughulika na lugha hii tunayoandikiana. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini usimpelekee mumeo mfano huu ukiwa umeukunja kama fimbo. Atauona.

Mnaweza kuomba muda, tuseme mwaka mmoja, kabla ya kujibu. Naipenda njia hii, na kwa sababu naipenda nikuonyeshe ubovu wake: michango ya waliowatuma hupungua kadiri miezi inavyopita, vyumba viwili vya shemeji vitazidi kuwa vidogo, na binti wa miaka 16 hana mwaka wa kupoteza. Njia nyingine ni safari fupi ya kwenda kuaga, wiki kadhaa, hata kama baadaye mtaamua kurudi moja kwa moja. Mkabidhi nyumba au msikabidhi, lakini mkae na watu. Hiyo inagharimu nauli, na mwenye kutoa nauli atauliza ni ya nini, hapo mjieleze bila kona. Tena kuna mtego: safari ya kuaga inaweza kugeuka uamuzi wa kimyakimya, mmoja wenu akifika kule akakataa kupanda ndege. Kubalianeni mapema nini kitafanyika hilo likitokea, kwa maneno, binti naye akisikia.

Binti sasa. Ombi lake usilisome kama uasi. Tangu miaka ya 1950 mwanasosholojia Ruth Useem alikuwa na jina kwa watoto kama wako, watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwa wazazi, si wa ugenini, ni wa ile nafasi ya kati ambayo wao wenyewe wameijenga. Mwanao amehamishwa kutoka hapo, akashushwa darasa, akachekwa matamshi. Kumruhusu akamalizie masomo kule kungemheshimu, na miaka miwili si mingi. Lakini fahamu familia za umisheni zina historia ndefu na yenye makovu katika jambo hili. Eric Liddell, yule mkimbiaji aliyeshinda mita 400 Paris mwaka 1924, alizaliwa China na wazazi wamisionari, akaachwa shule ya bweni Uingereza akiwa na miaka 6, wazazi wakarejea kazini. Yeye alikuja kurudi China mwenyewe kwa hiari mwaka 1925. Wengine walioachwa hivyo walibeba jeraha mpaka uzeeni. Kwa hiyo simulizi ya mmoja haikupi jibu. Ningeuliza mambo ya kawaida tu: hiyo familia wamekubali, au binti ndiye aliyekubali kwa niaba yao? Akiugua nani anasaini? Na akikuta kule nako kumebadilika, marafiki wamesogea, ana ruhusa ya kurudi kwenu bila kuambiwa "tulikwambia"?

Kijana usimsahau kwa sababu anacheza mpira. Lugha ikimtoka hatakwambia inauma. Mtafutie mtu wa kuzungumza naye kwa simu kwa lugha ile, hata dakika kumi kwa wiki, yule jirani wa paka angefaa sana.

Wiki 10 zinatosha kwa mazungumzo matatu, nadhani: wewe na mumeo kuhusu baba yake, wewe na mumeo kuhusu ukuta wako, na ninyi wanne kuhusu nyumba yenye madirisha. Mpangilio huo unaweza kuugeuza. Ukifika siku ya kamati mkiwa mmefanya moja tu, mna haki ya kuwaambia hivyo.

Na saa ya binti iacheni kama ilivyo. Leo jioni kaa karibu yake umwulize kule sasa ni saa ngapi, na nani yuko wapi anafanya nini. Kisha usiangalie saa yako.

Wako,
Shangazi